Raidi ya Lazarus na Kuku ya Mama Mkwe

Kuna wanaume wanashindwa na pombe, na kuna wengine wanashindwa na wanawake. Lazarus Ogutu alikuwa anashindwa na vitu mbili zikiwa pamoja. Mpe shati moja, atavaa na atasema asante. Mpe mashati mbili, utarudi umkute bado amesimama na vesti katikati ya nyumba, anaangalia hii, anaangalia ile, mpaka chai yake imefanya utando juu.

Alikuwa fundi wa vitanda hapo Dagoretti Corner, mtu wa Samia, mrefu kama mlingoti, na masikio mbili kubwa ambazo ni bahati hakuulizwa achague moja. Kazi yake ilikuwa nzuri, sitamnyima hiyo. Kitanda ina miguu nne na zote zinafanana, hakuna mahali ya mtu kusumbuka.

Hata bibi hakuchagua. Philister alikuwa msichana wa Bungoma na alikuwa na dada wamefuatana, wote wanaweza kuolewa, na Lazarus alikuwa anaenda huko kwao kunywa chai na kuangalia ukuta. Akaenda, akarudi, akaenda tena. Mwisho Philister akachoka kumpikia chai, akamwambia, "Mimi ndiye nakuja. Beba hiyo sanduku." Akabeba. Wakaja Nairobi, wakapanga chumba moja huko Satellite, kwa ploti ya mama mmoja wa Kikuyu anaitwa Wanjugu, mwanamke hapendi kelele na mdomo wake mwenyewe haufungwi.

Sasa, Jumamosi jioni Lazarus alikuwa anapiga ngoma kwa bendi. Hiyo ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, na wakati huo kila bendi Kenya ilikuwa inajiita jazi. Ukiwa na gitaa mbili na kofia, wewe ni jazi. Piga rumba, ni jazi. Piga nyimbo ya kukaribisha bibi arusi, hata hiyo ni jazi. Bendi ya kina Lazarus ilikuwa jazi ya namna hiyo, mpaka hoteli moja ya ghorofa mjini, upande wa steshoni ya reli, ikawaita wapigie wageni wakati wa chakula ya jioni. Meneja akauliza kama wanajua jazi ya ukweli, ile ya Amerika. Kiongozi wao, Haron Ndungu, akasema ndio kabla swali haijaisha.

Haron alikuwa kijana ya wenye mashamba ya Riruta, karani mchana, sakso jioni, na suruali imepigwa pasi mpaka ule mstari ungekata mkate. Akarudi akaambia wenzake, "Jazi ya ukweli ni sahani." Lazarus akafikiri ni ya chakula.

Hapana. Ni sahani ya shaba, pana kama ungo, inakaa upande wa mkono wa kulia wa mpiga ngoma. Unaigonga na kijiti wimbo mzima bila kupumzika, ting, ting-ka-ting, ting-ka-ting, na wale wengine wote, sakso, gitaa, nani, wanapanda juu ya hiyo sauti kama watu wamepanda punda. Wenyewe wanaiita raidi. Punda ikichechemea, wote wanaanguka.

Na punda ya Lazarus ilikuwa inachechemea. Raidi yake ilikuwa ya zamani, imepasuka kutoka pembeni mpaka karibu na tundu, na yeye ameifunga na plasta ya kidonda. Ilikuwa inalia kama mtu anakohoa ndani ya debe. Jumamosi moja mgeni akauliza kama kuna mgonjwa hapo nyuma, na wimbo ilipoisha Haron akamwendea Lazarus polepole.

"Lazaro, Jumamosi ijayo nikisikia hiyo kikohozi, kwa hiki kiti atakaa Wambua."

"Wambua gani?"

"Unajua Wambua gani."

Alijua. Wambua alikuwa ametoka bendi ya jeshi, na alikuwa na raidi yake mwenyewe, anaibeba imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Alikuwa anapiga ngoma macho imefungwa, ati anasikia sana. Upuzi. Lakini wanawake walikuwa wanamwangalia.

Lazarus hakulala. Hicho kiti ndio kitu alikuwa nacho duniani. Wiki mzima yeye ni gundi na randa, watu wanamwita "wewe wa vitanda". Lakini akikaa hapo Jumamosi, na shati nyeupe, anakuwa mtu. Wahudumu wanamletea soda bila kuitisha. Philister naye kwa soko ya Kawangware hakuwa bibi ya fundi, alikuwa bibi ya mtu wa hoteli, na alikuwa anachagua nyanya polepole sana ndio watu wapate wakati ya kumwona. Kiti ikienda, na hiyo yote inaenda.

Basi Jumatano akapanda baiskeli akaenda mjini, kwa duka moja ya mzee Mhindi, anauza magitaa na kodiani na sindano za gramofoni. Kama mzee angekuwa na raidi moja, hii hadithi ingeisha hapo. Alikuwa na mbili.

Ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa kama jino ya dhahabu. Ukiigonga inasema tshaaaa, na inaendelea kusema hata wewe umeshamaliza na umeenda kwenu. Ya pili ilikuwa nyeusi-nyeusi, nzito, imetoka Uturuki, iliachwa na Mzungu aliyefunga mizigo mbio wakati ya Uhuru. Hiyo ilisema tang, sauti nzuri, lakini nyuma yake kulikuwa na mvumo, uuuuu, kama ng'ombe inalia ng'ambo ya mto. Lazarus alikuwa anatafuta sauti alisikia kwa rekodi ya Haron, ting kavu, fupi, kama tone ya maji kwa jiwe. Akagonga ya kwanza. Akagonga ya pili. Akarudi kwa ya kwanza. Akakunja shingo. Akagonga na ukucha. Akaweka sikio karibu, akaweka mbali, akatoka nje ya duka akamwomba mzee amgongee asikie kutoka barabarani.

"Wewe nunua ama wewe piga tu?" mzee akauliza.

"Ngoja kidogo, mzee."

"Mimi ngoja toka asubuhi. Kastoma yote toroka."

"Hii inang'aa, lakini ile ina uzito. Lakini hii—"

"Sikia," mzee akasema, na alikuwa ameshika kichwa na mikono mbili. "Peleka yote nyumbani. Gonga huko, ua bibi yako, si mimi. Jumamosi saa sita rudisha moja. Baiskeli bakia hapa."

Ndio Lazarus akarudi na miguu, raidi moja kila kwapa. Alipofika Upper Hill, karibu na ile hospitali kubwa, mvua ikamkuta. Mtu mwenye akili angekimbia akajikinge. Yeye akaweka ile nyeusi kwa kichwa kama kofia, akasimama, akasikiliza vile mvua inalia juu yake. Halafu akaitoa, akaweka ile ya kung'aa, akasikiliza hiyo pia. Akabadilisha tena. Askari wa geti alikuwa ndani ya kibanda chake anamwangalia muda mrefu.

"Baba, wa kichwa hawatibiwi hapa," akamwambia.

Akafika Satellite amelowa na hajachagua. Akamwuliza Wanjugu, ambaye alikuwa anatoa nguo kwa kamba, ni gani nzuri. Wanjugu akasikiliza zote mbili na uso imekunjwa. "Nzuri ni ile itavunjika kwanza," akasema, akaingia kwake. Lazarus akaziweka zote chini ya kitanda, akasema kesho ataamua.

Kesho akatoka kazini jioni, akakuta Philister amesimama kwa mlango, amefungua mikono kama golikipa.

"Usiingie."

"Nani amekufa?"

"Mama amekuja."

Lazarus akaruka nyuma mpaka akakanyaga bata ya Wanjugu.

Kama hujui hiyo maneno, ni hivi. Kwa watu wa huko, Samia wa kina Lazarus na Bukusu wa kina Philister, na hii ni kitu moja hawabishani, mwanaume haonani na mama mkwe uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwa kichaka. Hata kusema, wanasema kupitia mtu mwingine. Nyumbani ni rahisi, Mungu aliweka vichaka kila mahali. Satellite kulikuwa na chumba moja, mlango moja na dirisha moja.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa anaitwa Namalwa. Alipanda basi huko Bungoma bila kuambia mtu, kwa sababu aliota Philister amekonda. Philister alikuwa anapita kwa ule mlango kwa upande. Namalwa akamwangalia juu mpaka chini, akasema ndoto za siku hizi ni za uongo, lakini kwa vile ameshafika, atakaa. Alikuwa amebeba tenga ya kuku hai, na hakuna moja ilikuwa na adabu.

"Mwambie mama karibu," Lazarus akasema kwa ukuta.

"Mama, anasema karibu."

"Nimesikia. Mwambie nimekaribia."

Huo ukuta ulikuwa wa mbao na mabati, ungesikia mtu akipepesa jicho upande ule mwingine. Lakini heshima ni heshima.

Wanjugu alikuwa amesimama anaangalia hii yote na beseni kwa kiuno. "Nyumba ni yako, na unasalimia bati?"

"Ni mila, mama."

"Kwetu mama mkwe tunampa mkono na chai. Hakuna mtu amekufa."

Huko ndani Namalwa akaambia kuku, na sauti ya kufika mpaka barabarani, kwamba kuna watu wanaweza kupea hata nyoka mkono.

Basi ikakuwa hivyo. Lazarus akaenda kulala kwa karakana, juu ya kitanda alitengenezea mwalimu mmoja, na huyo mwalimu mpaka leo anauliza kwa nini kitanda mpya ilikuja na shimo katikati. Namalwa hakutoka nje, asikutane na mkwe. Mkwe hakuingia ndani, asikutane na Namalwa. Na raidi zote mbili ziko chini ya kitanda, ndani, na Jumamosi inakuja.

Sasa, kuku ya Bungoma si kama hizi kuku zenu za sanduku. Hiyo ni kuku imetembea. Haiivi kwa mfuniko ya mchezo, mvuke inainua mfuniko na kuku inabaki ngumu kama dhambi. Namalwa alikuwa anafagia chini ya kitanda, kwa sababu ni mtu wa kufagia hata kwa wenyewe, akapata sinia mbili. Ile ya kung'aa akaona ni ya wageni, akairudisha. Ile nyeusi akaipima na mkono. Nzito. Akaona ina tundu katikati, akamhurumia mkwe wake, maskini, hata mfuniko ya maana hana. Akachukua gunzi ya mahindi, akaichonga na kisu, akaiingiza kwa tundu mpaka ikakaza. Hapo tundu imezibwa na mfuniko imepata mahali ya kushika. Akafunika kuku.

Philister akatoka sokoni, akapata raidi ya Uturuki juu ya jiko, moshi inaitembelea kwa chini na mafuta inachuruzika pembeni.

"Mama, hiyo ni ya kazi ya Lazarus."

"Hata hii ni kazi," Namalwa akasema, na akaongeza makaa.

Philister angefanya nini? Kumwambia Lazarus ni kushtaki mama yake kwa mkwe. Hiyo haisemwi. Mwanamke anaweza kumwambia mume wake kwamba nyumba imeungua, lakini hawezi kumwambia ni mama amechoma. Akanyamaza. Akasema moyoni, Jumamosi asubuhi nitaisugua na jivu na mchanga mpaka ing'ae. Kwa kusugua sufuria Philister alikuwa mkali, mtu angejinyolea kwa sufuria zake.

Lazarus naye jioni anakaa nje chini ya dirisha, juu ya kopo ya rangi, anapitishiwa sahani ya ugali na kuku. Firigisi iko juu, kama inavyotakikana kwa mkwe. Alikuwa anakula na macho imefungwa.

"Mwambie mama, hii kuku imeiva mpaka ndani ya mfupa."

"Mama, anasema—"

"Nimesikia. Mwambie siri ni mfuniko."

"Mwambie asante kwa mfuniko."

Philister alikuwa katikati yao, kwa mlango, na jasho ilikuwa inamtoka.

Jumamosi asubuhi Lazarus akafika mapema kabla Philister hajapata hata jivu. Alikuwa amevaa shati ya hoteli tayari. Akainama chini ya dirisha.

"Leo ndio leo," akasema. "Siwezi kuingia, basi wewe zigonge huko ndani na mwiko. Mimi nitasikiliza."

"Ningoje kwanza nioshe—"

"Unaosha sauti? Gonga, saa inaenda."

Philister akafunga ile ya kung'aa na kamba, akaishika juu, akaigonga na mwiko.

Tshaaaa. Bata zikatoka mbio kwa mtaro. Wanjugu akafunga dirisha yake kwa nguvu.

"Sawa. Ingine."

Hiyo ingine ilikuwa kwa moto. Gunzi ilikuwa imefura na mvuke, haitoki, kwa hivyo kamba haiwezi kupita. Namalwa akaiondoa juu ya sufuria mwenyewe, akaishika kwa gunzi na kitambaa, akainua, mafuta inamtiririkia mpaka kwa kiwiko. Philister akafunga macho akagonga.

Ting.

Lazarus akainuka wima na kichwa yake ikagonga mlango ya dirisha. Hakusikia uchungu.

"Rudia."

Ting. Ting-ka-ting. Kavu. Fupi. Ile ng'ombe ya ng'ambo ya mto ilikuwa imenyamaza, imekabwa na gunzi na masizi na mafuta ya kuku. Lakini Lazarus hakujua hiyo. Yeye alifikiri ni masikio yake ndio imefunguka, kwa sababu mara hii hakuwa anaona ni gani inang'aa.

"Hiyo," akasema.

Philister akashusha mwiko. "Hiyo gani?"

"Ya pili."

"Sikiliza ya kwanza tena. Ya kwanza ni safi, baba. Inang'aa. Watu wa hoteli—"

"Ya pili."

Alikuwa hajawahi kusema kitu mara mbili bila kuibadilisha. Hata yeye alishangaa, na pengine angeanza kurudi nyuma, nilivyomjua mtu huyo angerudi, lakini Namalwa akasema kutoka ndani, "Mwambie mume wako amechagua vizuri. Hiyo ina uzito."

Na hapo ikaisha. Mama mkwe akisema umechagua vizuri, umechagua. Huwezi kwenda tena kwa ukuta umwambie, samahani mama, nimefikiria ile ingine.

Philister akazitoa nje zote mbili. Ile ya kung'aa uchi, na ile ingine amefunga na leso, fundo juu ya fundo, mpaka ilionekana kama mgonjwa wa ajali.

"Usifungue njiani."

"Kwa nini?"

"Vumbi."

Lazarus akaiweka kwapani. "Mbona ina joto?"

"Ilikuwa karibu na jiko."

Hakudanganya. Huko ndani Namalwa alikuwa anatafuta beseni ya kufunika kuku.

Kwa duka, mzee Mhindi akaona ile ya kung'aa imerudi na Lazarus anahesabu pesa ya ile ingine na kuomba baiskeli yake, akakaa chini. "Wewe chagua? Kweli?"

"Nimechagua kwa masikio, mzee."

Mzee akataka kumpongeza, lakini akaanza kunusa. Akanusa hewa, akanusa leso. Huyo mzee hakuwa mtu wa nyama, hata yai haikuingia kwake. "Wewe beba nini hapo?" akauliza, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshasukuma baiskeli, na Lazarus nayo, mpaka barabarani.

Hoteli ilikuwa imewasha taa. Vitambaa vyeupe kwa meza, glasi, maua, wageni wameanza kuingia. Haron alikuwa juu ya jukwaa ananyonya mdomo wa sakso, na kwa kiti ya pembeni, kumbe, Wambua amekaa na blanketi yake kwa magoti.

"Nimekuja kuwasalimia tu," Wambua akasema.

"Salamu imefika," Lazarus akamwambia, na akaanza kufungua mafundo.

Fundo ya mwisho ikatoka. Leso ikaanguka. Kulikuwa na masizi. Kulikuwa na mafuta imeganda pembeni kama mshumaa. Kulikuwa na unyoya moja, mwekundu, na katikati, imesimama kama kibarua anangoja mshahara, gunzi.

Lazarus akaangalia gunzi. Akakumbuka firigisi. Akakumbuka siri ni mfuniko. Kila kitu ikajipanga kwa kichwa yake, moja baada ya ingine, na hakuna hata mmoja angeweza kumkasirikia, kwa sababu wa kukasirikiwa ni mama mkwe.

"Lazaro," Haron akasema pole pole. "Hii ni nini?"

"Ni raidi."

"Ina gunzi."

"Hiyo inatoka."

Akaivuta na meno. Ikatoka na kipande ya kitunguu.

Wambua alikuwa ameanza kufungua blanketi yake, bila haraka, na adabu nyingi.

"Peleka kwa jikoni waoshe," Haron akasema. "Na sabuni. Na maji ya moto. Mbio."

Lazarus akaishika. Akaangalia mlango ya jikoni, akaangalia chuma ya kuwekea raidi. Hapo kulikuwa na vitu mbili tena, na wenzake wote walijua huyu atakaa hapo mpaka wageni waende kulala. Lakini alikuwa ameisikia ile sauti, na alielewa kwamba sabuni ikiipita tu, ng'ombe inarudi.

"Haioshwi," akasema.

"Nini?"

"Haioshwi. Ukiosha inaharibika."

"Ama ioshwe ama Wambua akae."

Lazarus akaiweka kwa chuma na unyoya yake, akachukua kijiti, akaigonga mara moja.

Ting.

Haron alikuwa na kiburi ya kutosha kata mzima, lakini hakuwa kiziwi. Akaangalia raidi. Akaangalia viatu vyake. Wambua naye, macho yake yalifunguka siku hiyo, sijui kama yamewahi kufunguka hivyo tena.

"Wimbo moja," Haron akasema. "Moja tu. Na hiyo unyoya itoke."

Wakaanza. Punda ikatembea vizuri, ting, ting-ka-ting, na Haron akapanda na sakso yake bila kuanguka. Lakini juu ya jukwaa kulikuwa na taa nyekundu, kali, inapiga pale pale kwa raidi. Shaba ikapata joto. Mafuta ya kuku ya Bungoma ikaanza kuyeyuka, na kila Lazarus akigonga, ile sahani inayumba, inapepea, kama mtu anapepea jiko. Harufu ikatoka. Ikapita juu ya gitaa, ikashuka kwa ngazi ya jukwaa, ikatembea kati ya meza kama mhudumu.

Mzee mmoja mnene wa meza ya mbele alikuwa ameitisha samaki. Akaweka uma chini. Akanusa. Akamwita mhudumu. "Toa hii, niletee kuku."

Meza ya pili, kuku. Kwa dirisha kulikuwa na mama wawili wenye vilemba, walikuwa wamesema hawana njaa, ni chai tu; wakaitisha kuku na wakauliza kama kuna shingo. Wimbo moja ikaisha na hakuna mtu alimwambia Lazarus aache, kwa hivyo akaendelea na ya pili. Kwa ya tatu wahudumu walikuwa wanakimbia. Huko jikoni mpishi alikuwa anatukana kwa lugha ya kwao, kuku imeisha, na watu bado wanaitisha. Jazi ya Amerika hakuna mtu alikuwa anasikiliza. Watu walikuwa wanakula.

Wakati wa kupumzika meneja akapanda jukwaani. Haron akapangusa mikono kwa suruali, ule mstari ukaharibika, na alikuwa ameshaandaa mdomo wa kusema makosa yote ni ya mpiga ngoma.

"Huyu wa ngoma," meneja akasema, "anaitwa nani?"

"Lazarus. Lakini tulikuwa—"

"Vile anapiga, inafanya watu wasikie njaa. Sijawahi kuona. Jumamosi ijayo, huyu huyu. Msinibadilishie."

"Hatuwezi hata kufikiria," Haron akasema.

Wambua akafunga blanketi yake, akasema ameshasalimia, akaenda.

Hapo Lazarus angekuwa na akili angefurahi akanyamaza. Lakini kufika Jumamosi iliyofuata kuku za ile tenga zilikuwa zimeisha, mafuta imekauka, na raidi ikaanza kuvuma tena, uuuuu, katikati ya wimbo, na wageni wakarudia samaki. Haron akamwangalia na jicho moja. Philister akajaribu kuifunikia kuku ya Kawangware, lakini hiyo ni kuku ya kununuliwa, haina mafuta, ni maji imevaa manyoya. Raidi ilikuwa inataka kuku ya Bungoma, na inataka mkono wa Namalwa, na Namalwa alikuwa ameshafunga mizigo yake.

Lazarus akaja chini ya dirisha, akakaa kwa kopo yake. Akakohoa.

"Mwambie mama asiende."

Philister akatoa kichwa nje. "Umesema nini?"

"Mwambie akae. Mwambie nyumba ni yake."

"Na wewe utalala wapi?"

"Kwa karakana. Vitanda viko."

Hakuna mama mkwe wa Bungoma amewahi kusikia maneno kama hayo. Halafu begi ikasikika ikifunguliwa.

"Nimesikia," Namalwa akasema. "Mwambie basi atume watu nyumbani walete kuku ingine."

Zikaja kwa basi, tenga kwa tenga. Namalwa akakaa mpaka watu walipoanza kulima huko kwao, na miezi hiyo yote Lazarus Ogutu, fundi wa vitanda, alilala kwa vitanda za watu, leo ya mwalimu, kesho ya karani, na akawa anasifiwa na wale wajinga wa hoteli kwamba ana masikio. Wanjugu alimwambia mara nyingi kwamba mtu anatoka kwa nyumba yake ili kuku ikae ndani ni mtu amechanganyikiwa. Yeye alikuwa anacheka tu. Jumamosi mchana Philister anamtolea raidi nje, imefungwa na leso, ina joto, na sahani ya ugali juu yake.

"Mama anauliza, wiki iliyopita walikula?"

"Mwambie walimaliza mpaka mifupa."

"Nimesikia," Namalwa akasema huko ndani, akachukua gunzi ingine na kisu, akaanza kuchonga.